Gololi Katika Mkanda wa Gari

Mwili wa abiria aliyeketi ndani ya gari liendalo kilomita 50 kwa saa nao huenda kwa mwendo huo huo, karibu mita 14 katika kila sekunde, ijapokuwa mwenyewe hujiona ametulia kitini. Gari hilo likigonga ukuta, pua yake ikabonyea kiasi cha nusu mita na likasimama, mwili haulazimiki kusimama nalo ila pawepo kitu kinachouunganisha na gari. Kikikosekana, utaendelea mbele kwa mwendo wake wa awali mpaka ukutane na usukani, kioo au kiti cha mbele. Hesabu ya jambo hili si ngumu: kumsimamisha mtu wa kilo 70 kutoka mwendo huo, katika nafasi ya nusu mita, kunataka nguvu iliyo sawa na uzito wa karibu kilo 1,400, wala hakuna mikono ya binadamu, hata ya pahalwani mashuhuri, iwezayo kujizuia kwa nguvu kama hiyo. Kazi hiyo imekabidhiwa mkanda. Na ustadi mkubwa wa mkanda haumo katika utepe tunaouona kifuani, bali umo katika kisanduku kidogo kilichofichwa ndani ya nguzo ya mlango, ambacho wengi wetu hatujapata kukifungua.

Ili kuitambua thamani ya kisanduku hicho, yafaa kwanza kutazama hali ilivyokuwa kabla yake. Mwaka 1959 Nils Bohlin, mhandisi wa Sweden ambaye hapo awali alishughulikia viti vya kumrusha rubani kutoka ndegeni katika kampuni ya Saab, aliibunia kampuni ya Volvo mkanda wa nukta tatu, upitao begani na kifuani kisha ukashika nyonga, na kufungwa kwa mkono mmoja. Kampuni ile nayo, kwa hisani ya kusifiwa, ikawaruhusu watengenezaji wengine kuutumia ubunifu huo bila malipo. Umbo lile lilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na ndilo tulilo nalo hadi leo. Hata hivyo, mikanda ya awali ilikuwa na adha moja kubwa, nayo ni kwamba urefu wake ulipangwa kwa mkono na kubaki vivyo hivyo safari nzima: aliyeukaza sawasawa hakuweza kuinama kufikia swichi wala kugeuka kutazama nyuma, na aliyeulegeza ili apate raha alijinyima sehemu kubwa ya faida yake, kwa sababu kila sentimita ya ulegevu huliwa kutoka katika ile nusu mita ndogo ambayo ndiyo akiba yote ya mtu wakati wa mgongano. Wengi walichagua njia ya tatu, iliyo mbaya kupita zote mbili: waliuacha mkanda ukining'inia.

Basi fundi aliyetaka kuondoa adha hiyo alikabiliwa na matakwa mawili yanayopingana waziwazi. Mkanda ulipaswa kuwa mwepesi na mtiifu katika saa zote za amani, umfuate mtu ainamapo na urudi naye ainukapo. Na mkanda ule ule, katika sehemu ndogo ya sekunde ambayo hakuna ajuaye itafika lini, ulipaswa kugeuka kuwa kitu kisichotikisika. Matakwa hayo hayakuweza kutimizwa na kitu kimoja, na hapo ndipo ilipozaliwa hekima ya ufundi huu: kazi iligawanywa, kiungo kimoja kikapewa kukunja, kingine kutambua hatari, na cha tatu kubeba mzigo.

Tuanze na kinachokunja. Ndani ya kisanduku mna rili ambayo utepe wa mkanda umezungushwa juu yake, na ubavuni mwa rili hiyo mna kamani, ule utepe mwembamba wa chuma uliosokotwa mizunguko kwa mizunguko kama tunaoujua katika saa za ukutani. Tuuvutapo mkanda, rili huzunguka na kamani hukazika. Tuuachiapo, kamani hujifungua na kuurudisha ndani. Nguvu yake ni ndogo kwa makusudi. Kanuni namba 16 ya Umoja wa Mataifa, ambayo ndiyo mizani ya mikanda ya magari katika nchi nyingi, inataka mvuto wa kamani katika mkanda wa bega usipungue uzito wa gramu 100 hivi wala usizidi gramu 700 hivi, ili utepe ulale kifuani bila ulegevu na bila kumchosha mvaaji. Hapa aghalabu watu hukosea, kwa kudhani kuwa mvuto huu wanaouhisi begani ndio utakaowaokoa. Nguvu ya gramu mia chache haiwezi kuzuia hata kichwa cha mtoto. Kazi ya kamani ni kuhakikisha kwamba hatari itakapofika, itaukuta mkanda mahali pake.

Kinachotambua hatari, katika magari mengi, ni gololi moja ya chuma. Gololi hiyo hukaa katika kikombe kipana chenye kuta za mteremko, mfano wa kisahani cha kahawa, na juu yake umelazwa wenzo mwepesi wenye ncha. Gari likienda mwendo wa kawaida, gololi hutulia katikati na wenzo hutulia juu yake. Gari likipunguza mwendo ghafla, kikombe hupungua mwendo pamoja na gari, lakini gololi, kwa ile tabia ya kila kitu kushikilia mwendo kilichokuwa nao, ambayo wanafunzi wa fizikia huiita inesha, huendelea mbele, hupanda ukuta wa kikombe na kuuinua wenzo. Na ncha ya wenzo huingia katika meno ya gurudumu dogo la plastiki linalozunguka pamoja na rili. Watengenezaji wengine hutumia kipande kizito kinachoning'inia au kilichosimama badala ya gololi, lakini kanuni ya kazi ni ile ile.

Uzuri wa jambo hili umo katika mteremko wa kikombe. Gololi iliyo juu ya mteremko huvutwa chini na uzito wake, kwa hiyo haipandi mpaka mpunguo wa mwendo wa gari ushinde mvuto huo; na kadiri ukuta ulivyo mkali, ndivyo mpunguo unaohitajika unavyokuwa mkubwa. Ukuta wenye nyuzi 24 humfanya mlinzi huyu mdogo aamke pale ambapo mpunguo wa mwendo umefikia sehemu 45 katika 100 za mvuto wa dunia, na hicho ndicho kiwango kilichowekwa na Kanuni namba 16: kisanduku lazima kiwe kimefunga ifikapo hapo. Breki za taratibu, zile za kukaribia kituo au njia panda, hazifiki huko, na mkanda hubaki huru. Breki za nguvu katika lami kavu hupita hapo, na dereva huuhisi mkanda ukimshika hata kabla hajagonga chochote. Pembe moja tu ya kikombe imeamua mpaka baina ya raha na dharura, bila umeme, bila waya, na bila kumtegemea mtu kubonyeza kitu.

Lakini gololi haitofautishi breki na mteremko wa ardhi. Kuinamisha kikombe na kukipunguzia mwendo ni mamoja kwake, kwa kuwa kwa hali zote mbili ukuta mmoja hupoteza ukali wake. Kwa sababu hiyo kanuni ile ile inaamuru kwamba kisanduku kikiinamishwa nyuzi 12 au pungufu kisifunge, na kikipita nyuzi 27 kifunge bila hiari. Gari likipinduka, tabia hii ni rehema, maana mkanda hufunga hata kama hapakuwa na mgongano wa mbele. Gari likiegeshwa penye mwinamo mkali, mkanda unaweza kugoma kutoka, wala hiyo si kasoro. Na kutokana na jambo hili hili limepatikana onyo kwa mafundi wetu: kisanduku hutengenezwa kwa kufuata pembe ya mahali kitakapokaa, na kukihamisha kutoka gari moja hadi jingine lenye nguzo ya mwinamo tofauti ni kuiweka gololi upande, ama ifunge siku zote, ama ichelewe siku inapohitajika.

Wabunifu hawakuridhika na shahidi mmoja. Kando ya rili wakaweka wa pili, kipande kizito kinachozunguka nayo na kushikiliwa na springi ndogo, ambacho huchunguza mwendo wa utepe wenyewe. Utepe ukitoka polepole, kipande hiki huandamana na rili. Ukichomoka kwa ghafla, hubaki nyuma kidogo, na kubaki kwake nyuma huamsha kufuli. Kanuni inataka kisifunge kwa mchapuko ulio chini ya sehemu 8 katika 10 za mvuto wa dunia, ili mtu avutaye mkanda kwa mkono asisumbuke, na inataka kiwe kimefunga mchapuko ufikapo mara mbili ya mvuto huo. Ifahamike basi kwamba desturi ya kuupima mkanda kwa kuuvuta kwa nguvu gari likiwa limesimama humjaribu shahidi huyu wa pili peke yake. Hali ya gololi hujulikana kwa kufunga breki kwa nguvu katika mwendo mdogo, penye uwanja mtupu usio na watu wala magari.

Sasa tufike kwa kinachobeba mzigo. Gololi ya uzito wa gramu chache haiwezi kuzuia nguvu ya kilo mia kadhaa, wala haikuombwa kufanya hivyo. Ncha ya wenzo inaposimamisha lile gurudumu la plastiki, rili huendelea kuzunguka kidogo kwa kuwa mwili wa abiria unauvuta utepe; tofauti hiyo ndogo baina ya gurudumu lililosimama na rili inayozunguka huusukuma ulimi wa chuma nene uingie katika meno ya fremu iliyofungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Nguvu ya kuusukuma ulimi haitoki kwa gololi. Inatoka kwa mwili ule ule unaotupwa mbele, hata hatari yenyewe ikawa ndiyo inayofunga kufuli lake. Haya yote hayana budi kutimia kabla utepe haujatoka zaidi ya milimita 50, na utepe wenyewe, uliofumwa kwa nyuzi za poliesta, hutakiwa kustahimili mvuto ulio sawa na uzito wa kilo 1,500 hivi bila kukatika. Hatari ikipita na utepe ukilegea, kamani huirudisha rili nyuma kidogo, ulimi hutoka menoni na gololi hushuka. Ndiyo maana mkanda uliokwama hufunguka kwa kuuachia urudi ndani kwanza, si kwa kushindana nao.

Baada ya hapo yaliongezwa mambo mawili ya kutajika. Mwaka 1981 Mercedes-Benz iliweka katika magari yake ya S-Class kikazaji kinachofanya kazi kwa baruti: mgongano unapotambuliwa, gesi hulipuka ndani ya kisanduku na kuizungusha rili kinyume, ikimeza ulegevu uliobaki katika nguo na kiti katika sehemu chache tu za elfu za sekunde moja. Jambo la pili ni ufito wa chuma uliopitishwa katikati ya rili, ambao ncha yake moja hushikwa na kufuli na nyingine hubeba rili. Mvuto ukikaribia kuzidi uwezo wa mbavu za binadamu, ufito husokoteka na kuuachia utepe utoke kwa kipimo, huku mfuko wa hewa ukimpokea abiria. Hapa ufundi umetimia kwa insafu, maana kushika bila kiasi nako ni kudhuru. Lakini baruti ikishalipuka hairudi, na ufito ukishasokoteka haunyooki.

Kisanduku hiki kimeumbwa kwa uvumilivu mwingi. Kabla ya kukubaliwa hujaribiwa kwa kuvuta na kuachia mara 40,000, kisha hutiwa chumvi na vumbi, kisha hurudiwa mara 5,000 nyingine. Uvumilivu huo hauwezi kushinda uzembe. Kenya ilipozitekeleza, mwezi Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilizolazimisha mikanda katika matatu, ilithibitika kuwa sheria yaweza kuuleta mkanda kitini. Kuutunza ni amana ya mwenye gari. Utepe ulioganda jasho na vumbi huishinda kamani na kubaki umelegea: uoshwe kwa maji na sabuni laini, ukaushwe kivulini, ndipo urudishwe ndani, wala kisanduku kisitiwe mafuta, ambayo hukamata vumbi. Kibanio cha kuulegeza begani, fundo, na mshono wa cherehani juu ya utepe uliokatika ni mambo matatu yanayoubatilisha ufundi wote tuliouchambua hapa. Na kwa msomaji anayenunua gari lililokwisha kutumika, au kipuri kilichotolewa katika gari lililoanguka, nasihi yangu ni moja: kisanduku cha mkanda kilichokwisha kumshika mtu katika ajali kubwa kimemaliza kazi yake, nacho hubadilishwa kizima kwa kipya.