Chungu na Jina la Mfinyanzi

Wengi wetu tukisikia habari za vyombo vya Ulaya, hufikiri mara moja habari za mitambo: sahani elfu zilizo sawasawa kama mayai ya kuku mmoja, na vikombe visivyoguswa na kidole cha fundi. Fikira hii si kweli yote. Katika Uingereza wamo mafundi wasiotumikia kiwanda, ambao kila mmoja hutengeneza vitu vya nyumbani katika karakana yake, kwa mkono wake na kwa shauri lake mwenyewe. Nataka kuzipima kazi za mmoja wao aliyetoka katika Afrika yetu ya Mashariki, maana katika kumpima yeye tutajipima na sisi wenyewe.

Kwanza tujue asili ya jambo hili. Viwanda vilipoenea Uingereza, wafinyanzi wa vijijini walipungua sana, kwa kuwa hawakuweza kushindana na bei ya mashine. Mwaka 1861 Bwana William Morris alianzisha kampuni ya mafundi wa vitu vya nyumbani, apate kurudisha heshima ya kazi ya mkono. Nia yake ilikuwa njema, walakini vitu vyake vilikuwa ghali, na walionunua hasa ni matajiri. Mwaka 1920 Bwana Bernard Leach alifungua karakana ya vyungu huko St Ives, pamoja na Mjapani jina lake Hamada Shoji. Mwanafunzi wake mmoja, Michael Cardew, alipenda kufanya vyombo vya kutumiwa jikoni na mezani kila siku. Huyu alifika Achimota, katika nchi ya Ghana ya leo, mwaka 1942, na tangu 1951 hata 1965 alikuwa Abuja, Nigeria, akifundisha ufinyanzi. Alikuja kufundisha, naye akakuta cha kujifunza: mama mmoja, Ladi Kwali, alijua tangu utoto kufinyanga mitungi mikubwa pasipo gurudumu, kazi iliyowastaajabisha watu wa London.

Hapo Abuja ndipo alipofika, katika miaka ya 1970, Bibi Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kwa masomo. Wazungu walimpeleka Afrika kumtafuta mwalimu wa udongo, na waliomfundisha ni wanawake wa Kiafrika. Baadaye alisoma katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha London, akajenga karakana yake Uingereza, na mwaka 2020 akapewa cheo cha Dame. Kazi zake zimewekwa katika nyumba kubwa za makumbusho.

Sasa tuzitazame kazi zenyewe. Bibi Odundo hatumii gurudumu. Huuvuta udongo na kuupandisha kidogo kidogo kwa mikono, akiongeza mikunjo ya udongo mmoja juu ya mwingine, kama wafanyavyo wafinyanzi wa kwetu. Kisha huupaka udongo laini uliochujwa, na kuusugua sana kwa jiwe mpaka ung'ae, pasipo rangi ya kioo. Akiuoka penye hewa ya kutosha, hutoka mwekundu wa machungwa. Akiuoka tena kwa kuibana hewa, moshi huufanya mweusi. Tumbo la chungu chake ni pana, shingo ni ndefu na imeinama kidogo kama ya mtu anayesikiliza, na mdomo umefunuka. Hakuna pambo la kubandikwa ili kumvuta mnunuzi. Uzuri wote umo katika umbo. Hapa yatimia methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini sifa isitupofushe. Vyungu hivi havichoti maji wala havipiki maharage. Hukaa ndani ya kioo, na bei yake haifikiwi na mkulima, awe wa Uingereza au wa Usambara. Mtu aweza kuuliza kwa haki: chungu kisichotumika ni chungu gani? Nami naona ya kuwa swali hili ni la kweli, wala halijibiwi kwa kusema kwamba ni sanaa tu. Alichokosa Morris, yaani kufika katika nyumba ya maskini, Bibi Odundo naye hakukipata, wala sidhani alikitafuta. Kwa hiyo asiwe kipimo cha vyombo vyetu vya jikoni. Cardew alikuwa karibu zaidi na haja yetu katika jambo hilo.

Pamoja na hayo, kuna neno moja ambalo kazi zake zatuambia, na hakuna sahani ya kiwanda iwezayo kulisema. Vyungu vingi vya Afrika viliwekwa makumbusho ya Ulaya tangu zamani, vikaandikwa jina la kabila tu, kana kwamba kabila zima lilishika udongo mmoja kwa pamoja. Jina la mama aliyekifinyanga halikuulizwa. Chungu cha Bibi Odundo kimesimama pale pale kikiwa na jina la mwenyewe. Njia ya mikono ni ile ile, jiwe la kusugulia ni lile lile, na moshi ni ule ule. Kilichozidi ni kwamba mtu amehesabiwa kuwa fundi.

Je, sisi twawahesabuje? Katika masoko ya milima yetu vyungu vingali vikiuzwa, navyo ni kazi ya wanawake. Mnunuzi hukigonga chungu kwa kidole, husikia mlio wake mzima, kisha hupunguza bei mpaka muuzaji aona haya; naye mtu yule yule hulipa bila neno bei ya beseni la plastiki. Binti za wafinyanzi huona hayo. Mtu akishangaa kwa nini hawataki kurithi kazi ya mama zao, ajibiwe hapo.

Mgala muue na haki umpe. Ndoo ya plastiki ni nyepesi, haivunjiki upesi, na mama apandaye mlima kutoka mtoni hana sababu ya kuiacha. Sisemi airudie mitungi mizito kichwani. Nasema kila chombo kipewe mahali pake. Ndani ya nyumba, mtungi wa udongo hupoza maji, kwa kuwa maji kidogo hupenya na kukauka nje, yakichukua joto. Beseni haliwezi hayo. Na sisi wa Magoma, tulio bondeni penye joto, ndio tunaouhitaji mtungi kuliko ndugu zetu wa Lushoto.

Wala tusiwashauri wafinyanzi kufinyanga vinyago vya kuwapendeza wageni, au kuvipaka vyungu rangi ya mafuta ili ving'ae. Hiyo ni njia ya kupoteza matumizi pasipo kupata uzuri. Afadhali wakaze kuoka, wasawazishe kitako kikae mezani, na waandike jina lao chini yake. Nasi tununue kwa bei ya haki, tukitoe chungu kama zawadi ya arusi bila kuona haya, na watoto wa shule wapelekwe kwa mfinyanzi kutazama. Udongo upate uli maji.

Twasoma kwamba Bezaleli alijazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono, na jina lake likaandikwa. Na nabii Yeremia alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi ili apate kusikia neno. Kama nabii hakuona kuwa ni aibu kushuka huko, haifai sisi tupite mlangoni pake na uso umegeuka, tukienda dukani.