Mgonjwa Asiyeonwa: Kichwamaji, Uhakiki Wetu na Unyanyapaa wa Maradhi ya Akili

Utangulizi

Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotolewa mwaka 1974, ni miongoni mwa riwaya za Kiswahili zilizohakikiwa sana. Kwa jumla, uhakiki huo umefuata njia tatu. Wapo walioisoma riwaya hii kwa misingi ya falsafa ya udhanaishi, wakamwona mhusika mkuu, Kazimoto, kuwa binadamu anayehoji maana ya kuishi. Wapo walioona ndani yake ukengeushi wa msomi aliyetengwa na jamii yake kwa elimu ya kigeni. Wapo pia wahakiki wa mrengo wa kijamaa waliomlaumu mwandishi kwa kukata tamaa wakati taifa changa la Tanzania lilihitaji fasihi ya matumaini. Mielekeo hii yote ina hoja zenye uzito, na makala haya hayakusudii kuibatilisha. Hata hivyo, lipo swali moja ambalo halijaulizwa vya kutosha: je, Kazimoto alikuwa mgonjwa?

Tunadai kwamba kimya hiki hakikutokea kwa bahati. Jamii humtenga mgonjwa wa akili kwa kumpa jina baya. Uhakiki wetu umemtenga kwa namna ya heshima zaidi, yaani kwa kumgeuza kuwa ishara. Matokeo ni yale yale: mateso ya mtu mmoja hayaonekani.

Lugha na mgonjwa

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo malighafi ya fasihi na pia ya unyanyapaa. Katika Kiswahili, mtu huwa na maradhi: ana homa, ana malaria, ana kifua kikuu. Maradhi ni kitu alichonacho, na kwa hiyo anaweza kuachana nacho. Mambo hubadilika yakifika kwenye akili. Hapo husemwa fulani ni kichaa, ni mwendawazimu, ni punguani. Kitenzi cha kumiliki kimeondoka na kishirikishi kimeingia mahali pake; mtu na ugonjwa vimekuwa kitu kimoja. Neno kichaa linadhihirisha jambo hili waziwazi, kwa sababu hutaja maradhi na pia hutaja mtu. Sarufi inaruhusu kusema "ana kichaa", lakini katika mazungumzo ya kila siku "yule ni kichaa" ndiyo kauli inayotawala.

Aidha, maneno haya yanabeba maelezo ya chanzo cha ugonjwa. Wazimu ni neno linalohusishwa na mzimu; majinuni, lililotoka Kiarabu, ni la ukoo mmoja na jini. Mtu hupandwa na wazimu au hupagawa. Kwa hiyo, kabla ya kuulizwa anaumwa nini, huulizwa kwanza ametupiwa na nani au ameikosea miiko ipi. Dholuo, lugha inayozungumzwa kwetu Kisian na kando ya Ziwa Viktoria, ina maneno mawili yenye umbo moja: jatuo ni mgonjwa na janeko ni mwenye wazimu. Tofauti yao imo katika muda. Jatuo akipona huacha kuitwa hivyo. Janeko hata akipata nafuu hubaki na jina lake sokoni na kanisani. Mjini nako, hospitali ya Mathari ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1910 kama makazi ya kuwafungia wendawazimu, jina lake limekuwa tusi. Anayeambiwa ametoka Mathari haambiwi kwamba ametibiwa.

Kwa kuzingatia haya, anwani ya riwaya yenyewe inastahili kutazamwa upya. Kichwamaji ni hali ya mtoto ambaye kichwa chake kimejaa maji; ni pia tusi la mtu asiye na akili. Kezilahabi ametia maradhi na dharau katika neno moja, akaliweka kwenye jalada. Tunaona kwamba huo ndio mlango wa kuingilia riwaya hii, na wahakiki wengi wamepita kando yake wakielekea kwenye falsafa.

Kazimoto na daktari wa Mathari

Kisa kinajulikana. Kazimoto ni kijana msomi wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hili hili upande wa Tanzania. Manase, rafiki yake wa utotoni aliyepanda cheo, anamtia mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anafariki, na mama yao naye anafariki. Kazimoto anapanga kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dada yake Manase, lakini anaishia kumpenda na kumwoa. Mwishowe anajiua.

Mtu akiusikia mfululizo huu nje ya darasa la fasihi, hatataja kwanza falsafa ya Ufaransa. Atasema kijana huyu amefiwa mara mbili, amebeba hasira na hatia, na hana wa kumwambia. Hapa fani ya riwaya inatusaidia. Kazimoto anasimulia katika nafsi ya kwanza. Yale yanayomla ndani anamwambia msomaji, wakati wanakijiji wanamwona kijana aliyebahatika kusoma. Msomaji amefanywa kuwa ndiye shahidi wa karibu wa mateso yake. Kama shahidi huyo naye atayapokea mateso hayo kuwa mada ya falsafa pekee, Kazimoto hana msikilizaji mwingine.

Ipo historia inayotulazimu kuwa waangalifu zaidi. J. C. Carothers, daktari aliyeisimamia Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, alitoa mwaka 1953, kupitia Shirika la Afya Duniani, kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai, pamoja na mengine, kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Kwa mtazamo wake, huzuni ile nzito inayomgeukia mtu mwenyewe ilihitaji nafsi yenye kujilaumu, na nafsi hiyo aliiona ni ya Mzungu. Dai hilo lilikwisha kukataliwa na wataalamu. Lakini je, hatulirudii kwa mlango wa nyuma tunaposhikilia kwamba kukata tamaa kwa Kazimoto ni mzigo ulioazimwa Ulaya, kana kwamba kijana wa Ukerewe hawezi kulemewa na huzuni mpaka asome vitabu vya Camus na Sartre? Ni kweli kwamba Kezilahabi aliijua falsafa hiyo. Ni kweli vilevile kwamba kusonona na kusononeka ni vitenzi vya Kiswahili cha zamani, na havikuanzia hospitalini. Lugha haitunzi kitenzi cha jambo ambalo wasemaji wake hawalijui.

Ulinganisho na Rosa Mistika (1971) unaimarisha hoja hii. Rosa naye, aliyelelewa na baba mlevi na mkali, anamaliza maisha yake kwa kujiua. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na mjadala wake ulihusu zaidi maadili na malezi. Kwa hiyo wahusika wawili wa mwandishi mmoja, kutoka kisiwa kimoja, wamekufa kifo cha aina moja na wamehukumiwa kwa namna mbili. Kifo cha mwanamume kimekuwa falsafa. Kifo cha mwanamke kimekuwa funzo la maadili. Hakuna kati yao aliyeruhusiwa kuwa mgonjwa.

Msiba wa kujitakia

Waswahili husema: msiba wa kujitakia hauna kilio. Kwa aliyejiua, methali hii imetekelezwa neno kwa neno. Katika sehemu nyingi za Nyanza, mazishi yake yalifanywa haraka, bila heshima za kawaida, na mti alioutumia ukakatwa na kuchomwa. Sheria nayo iliongeza adhabu yake. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyoanza katika ukoloni mwaka 1930, ilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai katika kifungu cha 226, na aliyeponea chupuchupu aliweza kufungwa hadi miaka 2. Uingereza yenyewe ilifuta kosa hilo mwaka 1961. Sisi tuliendelea kulitunza. Kezilahabi alifariki Januari 2020, na ilikuwa Januari 2025, miaka 5 baadaye, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mahakama imekubali kwamba aliyefikia hatua hiyo anahitaji matibabu. Itakuwa ajabu ikiwa wahakiki watabaki nyuma ya mahakimu katika kumwelewa binadamu.

Ipo methali nyingine inayokwenda kinyume na ile ya kwanza: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kisian tumeuona ukweli wake. Hapa, njia ya Bondo inapoachana na ya Busia, kipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, ambacho kazi yake juu ya malaria na UKIMWI inajulikana mbali. UKIMWI ulipoingia ukanda huu wa ziwa, wengi waliuita chira, yaani adhabu ya kuvunja miiko, na mgonjwa alifichwa. Dawa zilisaidia sana kubadili hali hiyo. Lakini lugha nayo ilibadilika: tukajifunza kusema "mtu anayeishi na virusi", kauli inayomtenganisha mtu na ugonjwa wake. Fasihi ilishiriki katika kazi hiyo, kama Ua la Faraja (2004) ya William Mkufya inavyoonyesha. Hatuoni sababu ya maradhi ya akili kunyimwa hisani hiyo.

Pingamizi na hitimisho

Msomaji anaweza kupinga kwamba kumwita mhusika mgonjwa ni kuipunguza riwaya iwe faili la hospitali. Anaweza kuongeza, kwa haki, kwamba ugonjwa utageuzwa kisingizio cha kuisamehe jamii: ukatili wa baba yake Rosa na kiburi cha Manase havitibiwi kwa vidonge. Pingamizi hili ni zito, nasi tunalikubali kwa sehemu. Mhakiki hana kazi ya kutaja jina la ugonjwa wa Kazimoto, wala hana ujuzi huo. Kazi yake ni kuyasoma mateso kama mateso kabla ya kuyapandisha daraja yawe dhana. Kufanya hivyo hakuisamehi jamii. Kinyume chake, kunaileta jamii mbele ya swali, kwa kuwa falsafa haina jirani aliyenyamaza, ilhali mgonjwa anaye.

Jambo hili si la vitabu tu. Katika kila darasa letu huenda ameketi mwanafunzi anayelala na mawazo ya Kazimoto na kuamka nayo. Anatusikiliza tunapoyaita mawazo hayo udhaifu wa msomi au kasumba ya Ulaya, naye anajifunza kunyamaza. Kwa miaka mingi mitihani yetu imemtaka ajadili udhanaishi wa Kazimoto. Swali hilo libaki, na jingine liwekwe kando yake: ni nani katika riwaya hii aliyejua kwamba Kazimoto anateseka, na alifanya nini?