Manyani wa Krismasi

Itaje Sumbawanga katikati ya watu wa Dar es Salaam, hutakosa mwenye kisa: ungo uliopaa usiku, radi iliyotumwa kwa mdaiwa sugu. Msimuliaji mwenyewe hajawahi kufika. Sisi wa huku juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, tunaujua mji wa baridi, masweta, maharage na matope. Mfipa basi hana haja ya kufundishwa kwamba mahali huweza kutungwa. Kwao kulishatungwa zamani, tena kwa ubaya. Labda ndiyo maana nawapenda mno mafundi wanaotunga mahali kwa wema.

Msimu wa kuwasoma ni Krismasi. Mvua imekolea, mahindi yanadai palizi, ndugu wanashuka kwenye mabasi ya Tunduma na mizigo iliyolowa. Baada ya misa na pilau hakuna pa kwenda. Ndipo Shaaban Robert anapotolewa kabatini, jalada limebanduka pembeni, ndani jina la mwanafunzi wa zamani kwa wino wa bluu.

Utubora Mkulima humchekesha shangazi. Mtu anaacha mshahara wa mjini, anakwenda kulima Busutamu, na shamba linamwitikia kana kwamba viwavijeshi havijaumbwa. "Mbolea kaikopa kwa nani?" huuliza shangazi. Hajibiwi, na kitabu hakifungi. Mtunzi hakuwa mgeni wa shida: tangu 1926 alikuwa karani wa forodha Pangani, akijua mshahara ni nini na kuuacha ni nini. Bei ya mbolea kaiweka kando ili tumtazame anayeuacha. Simtetei kwa yote, maana huhubiri kupita kiasi, na majina ya wahusika wake hukutobolea tabia zao kabla hawajafungua mdomo.

Ufundi hasa uko katika Adili na Nduguze, kitabu cha 1952. Adili, liwali wa Janibu, ameamriwa na jini awachape manyani wawili kila usiku, nao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mansuri, waliomfanyia hiana. Kisa cha namna hiyo kimo katika Alfu Lela Ulela. Mle ndugu ni mbwa, na wakisharudi kuwa watu wanarudia hila zao mpaka wanauawa. Shaaban Robert hakufuata njia hiyo. Wake walisamehewa. Na msamaha huo hauonekani wa mteremko, kwa kuwa kabla yake kuna kiboko usiku baada ya usiku, na mkono unaokishika ni wa mtu asiyetaka kupiga. Majini na wafalme nawameza bila maji. Uchungu wa Adili ungekuwa wa kubuni hivihivi, kitabu ningekirudisha kabatini.

Mwaka mmoja, kati ya waliokuwa wakisomewa walikuwemo ndugu wawili wasiosemezana kwa ajili ya ng'ombe. Usidhani walikumbatiana. Mmoja aliomba aongezewe chai. Wa pili akataka ukurasa ule urudiwe, tena polepole. Baba mkubwa, ambaye hata ng'ombe wale hawakuwa wake, akashikilia kwamba angekuwa yeye Adili, manyani wangekaa manyani mpaka Pasaka, halafu ndiyo yaje mazungumzo.