Kipimo cha Mto

Mji wa Basoko umekaa pale Mto Aruwimi unapojimwaga katika Mto Kongo. Aruwimi huanzia mbali mashariki kwa jina la Ituri, ukapita msituni mamia ya kilomita huku vijito vyenye rangi ya chai vikiuongezea maji. Rangi hiyo hutokana na majani yaliyooza, na mpita njia huweza kudhani ni uchafu. Kwangu mimi ni mbolea iliyopimwa vizuri. Nausifu ustadi wa yule anayejaribu kukifuata kipimo hicho ndani ya tangi la kioo, sebuleni kwake.

Misitu ya bonde la Kongo ina mimea miwili inayopendwa na wafugaji wa samaki wa mapambo kote duniani: Anubias, yenye majani magumu ya kijani kizito, na Bolbitis heudelotii, kangaga wa maji anayeng'ang'ania mawe penye mkondo. Yote miwili hutambaza shina juu ya jiwe au gogo. Ukilifukia shina hilo mchangani, litaoza. Kwa hiyo hufungwa kwa uzi juu ya jiwe, na chakula chake hutiwa majini. Mimea inayokula zaidi kwa mizizi hupewa kidonge cha udongo mwekundu, kikasukumwa chini ya mchanga. Udongo wa namna hiyo umejaa katika mkoa mzima wa Tshopo, ulimo mji wa Basoko, na una chuma kingi.

Lakini si rahisi kuulisha mmea chuma. Katika maji yenye hewa nyingi hushika kutu na kuzama, mmea usiambulie kitu. Wakemia hukifunga kwa kiungo maalumu ili kibaki kimeyeyuka. Chuma kilichofungwa hivyo ndicho kilichomo katika chupa za mbolea ya matangi. Mito ya msituni imefanya kazi hiyo tangu zamani: asidi zinazotoka katika majani yaliyooza hukishika chuma na kukisafirisha. Rangi ile ya chai ndiyo inayokibeba.

Mwenye tangi hujifunza kusoma majani. Jani changa likiwa la njano huku mishipa yake ikibaki kijani, chuma kimepungua, kwa sababu mmea hauwezi kukihamisha kutoka majani ya zamani. Njano ikianzia majani makuukuu, naitrojeni ndiyo haba: mmea unawanyang'anya wazee ili kuwalisha wachanga. Vitundu vidogo katika majani yaliyokomaa mara nyingi ni dalili ya upungufu wa potasiamu. Ni lugha isiyo na sauti, na anayeielewa hatii mbolea kwa kubahatisha.

Katika karne ya 19, Mjerumani Justus von Liebig aliieneza kanuni kwamba ukuaji hutawaliwa na kirutubisho kilicho haba kuliko vyote. Sombe, yaani kisamvu, iliyokosa chumvi haiponi kwa kuongezewa mawese. Vivyo hivyo, tangi lililokosa potasiamu haliokolewi na naitrojeni zaidi. Ziada hiyo huishia kunenepesha mwani.

Hapa ndipo mkono unapopimwa. Gramu 1 ya naitreti ya potasiamu katika lita 60 za maji huongeza naitreti kwa takriban miligramu 10 kwa lita, na potasiamu kwa takriban 6. Kiasi hicho kinatosha tangi lenye mimea mingi, nacho hutiwa kidogo kidogo katika wiki. Kinyesi cha samaki nacho ni mbolea: bakteria hugeuza amonia yake kuwa naitriti, kisha naitreti. Kwa hiyo mwenye samaki wengi na mimea michache huenda asihitaji naitrojeni yoyote ya dukani. Samadi na urea ya shambani zikae mbali, kwani amonia yake huua samaki. Kila wiki badilisha sehemu ya maji, ziada isije ikarundikana.

Ustadi huu haudai utajiri. Unadai jicho linalotazama jani kabla mkono haujafungua chupa, na subira, maana Anubias huota polepole na hujibu polepole. Mimea hii leo hukuzwa katika bustani za Asia na kuuzwa Ulaya, ilhali asili yake ni huku kwetu Afrika. Kijana wa Basoko au Kisangani anayeitunza vizuri ndani ya kioo huuelewa mto wake kwa undani, na anayeuelewa mto ana sababu nzuri ya kuulinda.