Gauni na Joho: Nguo za Uhamishoni katika Riwaya ya Stefanie Zweig

Katika vijiji vinavyopakana na msitu wa Jozani, msusi wa ukili hahitaji kuambiwa kwamba mkeka huanza na mkono uliousuka. Jicho la namna hiyo lafaa kuisomea riwaya ya Stefanie Zweig, Nirgendwo in Afrika (1995), inayosimulia familia ya Kiyahudi iliyowakimbia Manazi ikahamia Kenya. Mwandishi, aliyezaliwa mwaka 1932, aliupitia uhamisho huo utotoni, tangu 1938 hadi 1947. Filamu ya Caroline Link iliyotokana na riwaya hii ilitunukiwa Oscar mwaka 2003.

Nguo mbili zimebeba uzito mkubwa wa hadithi. Walter, wakili aliyegeuka mwangalizi wa shamba la watu, anamwomba mkewe alete sanduku la barafu; Jettel analeta gauni la karamu. Msomaji mwepesi atacheka. Lakini gauni lile ni dai la mtu asiyekubali kwamba maisha yake yamekatwa. Nguo ya pili ni joho la uwakili, ambalo Walter anampa mpishi wake, Owuor. Joho lililokosa mahakama linapata heshima jikoni.

Hapo ndipo penye uzuri wa riwaya, na ndipo penye udhaifu wake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Joho lilitolewa kwa moyo, halikuazimwa; hata hivyo fahari ya Owuor imepimwa kwa kitambaa kilichotoka Ujerumani.

Tena, nguo zote mbili zilishonwa kabla ya safari. Ni nguo za kukumbukia, si za kuendeshea maisha. Wakimbizi wengi wa Kiyahudi waliofika London na New York walishika sindano na cherehani, kwa kuwa vyeti vyao havikuwafaa na mshono hauulizi lugha. Unguja nayo yalijua jambo hili: baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ufundi wa kudarizi kofia uliwafuata walioondoka.

Riwaya haidaiwi kila kitu, na hii yastahili kusomwa na kurudiwa. Ila anayeisoma visiwani atakapofika kwenye gauni la Jettel, ataligeuza ndani nje, autafute mshono.