Mpiga Ridhimu

Hakuna msichana aliyewahi kumzimikia mpiga gita la ridhimu. Walimzimikia mwimbaji, kwa kuwa ndiye aliyetaja majina ya watu kwenye maiki. Walimzimikia mpiga solo, kwa kuwa alifumba macho na kukunja uso kama mtu anayeumwa jino. Mpiga ridhimu alisimama nyuma, jirani na drams, katulia kama karani wa posta. Nami, na miaka yangu kumi na minne na suruali ya bugaluu ya kuazima, nilikwenda kwenye bugi Jumapili moja ya mwaka 1976 ili nimwone mpiga solo. Nilirudi nyumbani simkumbuki hata alivaa nini.

Waliozaliwa juzi hawalijui bugi. Lilikuwa dansi la mchana la vijana wa Dar es Salaam: linaanza saa 8, linakwisha saa 12 jioni, ili mtoto wa watu awahi nyumbani kabla baba hajaanza kuuliza. Bia hakuna, soda tu. Kumbi zilikuwa zilezile za mitaani, Magomeni, Ilala, Kinondoni, ambazo usiku wakubwa walizijaza kwa dansi lao. Bendi za vijana kama The Rifters na The Sparks zilikuwa zikikopi nyimbo za James Brown na Otis Redding, sahani ikirudiwa mpaka sindano inalia. Wakubwa hawakutuamini hata kidogo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, na mwishoni mwa 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku jijini. Miguu, bahati nzuri, haisomi magazeti.

Siku hiyo waliokuwa wakicheza bampi walinisukuma mpaka nikabanwa pembeni mwa jukwaa, sikio langu karibu kabisa na spika ya ridhimu. Sikuwa na pa kwenda, basi nikautazama mkono. Haukupanda wala kushuka sana. Ulitikisika kutoka kifundoni, kama wa mama anayepepeta mchele bila haraka. Hakucharaza nyuzi zote kwa pamoja. Alizidonoa moja moja, ya kati, mbili nyembamba, akirudi kwenye nene, na kila alipomaliza mzunguko aliacha upenyo mdogo. Tumba iliingia katika upenyo ule. Nikashusha macho kwenye miguu ya watu, na hapo nywele zikanisimama: viatu vyote vya raizoni ukumbini vilikuwa vikitua mlemle alimoacha nafasi. Wenyewe walidhani wanacheza wanavyotaka.

Nyimbo za dansi letu ni kama nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni kisa: waimbaji wanasimulia polepole habari za ndoa, za deni, za mjomba aliyedhulumu. Kisha mlango unafunguliwa kwenye chemko. Maneno yanapungua, tarumbeta zinajibizana na solo, na hata aliyesema leo mguu unauma anainuka. Watu husema chemko ni la solo. Mimi nakataa. Humo ndimo mpiga ridhimu anamoshika mzunguko mmoja na kuubeba dakika nne, tano, bila kuupamba. Jaribu kugonga meza kwa kijiko, mapigo yaleyale, dakika tano tu, uone mkono unavyotamani kukimbia. Mpiga drams akipandwa na mzuka hukimbia kweli. Mpiga solo akishangiliwa husahau njia. Lazima awepo mmoja wa kubaki nyumbani, taa imewashwa.

Jumapili ile, katikati ya chemko, waya ulimkatikia mpiga ridhimu wangu. Ukajikunja hewani kama sharubu ya kambare. Yule bwana hakutazama hata. Alihamishia mzunguko kwenye nyuzi zilizobaki, na sidhani kama kuna mcheza aliyejua. Wimbo ulipokwisha akachuchumaa, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, ndani yake waya uliokwisha kutumika, akaanza kuufunga fundo. Nikamwamkia. "Marahaba, bwana mdogo," akaitikia bila kuinua uso. "Shika hapa, usitikise. Gita la mwenye bendi hili." Nikashika shingo ya gita. Ilikuwa na joto, na jasho lake lilikuwa limeifanya iteleze.

Baadaye nilielewa kwa nini watu wale walikuwa na mikono ya namna ile. Nchini hapakuwa na kiwanda cha santuri; zilichapwa Nairobi, na mwaka 1977 mpaka na Kenya ukafungwa. Iliyobaki ni studio ya Radio Tanzania, ambako bendi nzima ilipiga kwa mpigo mmoja. Riziki ilikuwa kiingilio cha mlangoni. Wimbo ulikomaa ukumbini, mbele ya watu waliolipa. Ukipwaya, watu wanarudi kuketi, na bendi inajua usiku uleule. Mkono uliopitia shule hiyo huuoni kwa mtu aliyejifunzia chumbani peke yake.

Hata hivyo sifa ilikwenda kwingine. Mwimbaji Muhidin Gurumo alipoihama bendi ya wafanyakazi, ile iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la Nuta Jazz, akaingia Mlimani Park iliyozaliwa mwaka 1978, mtaani kwetu watu walinuniana kama wa Simba na Yanga. Msondo, ile ya wafanyakazi, au Sikinde, ile ya Mlimani? Tuligombana juu ya waimbaji, juu ya solo, hata juu ya tarumbeta. Ugomvi juu ya ridhimu sijawahi kuusikia mpaka leo. Disko likaja, taa za rangi na mtu mmoja mwenye sahani, bugi likafa, na wala sikumbuki Jumapili ya mwisho ilikuwa ipi.

Nakumbuka ile ya kwanza. Saa 12 walitutoa, wakubwa wakaanza kuingia, na bendi ileile ikapanda tena. Sisi tusio na kiingilio tulikaa nje, nyuma ya ukuta, karibu na mama wa mihogo. Ukuta una ubaguzi wake: uliruhusu besi, ukaruhusu tumba, ukatupa vipande vya sauti ya mwimbaji. Ridhimu haikupita. Wenzangu walitikisa vichwa wakasema muziki ni huu. Mimi nilikuwa nimekunja magoti, kucha zangu zikidonoa kwenye kitambaa cha bugaluu, ya kati, mbili nyembamba, ile nene, kisha nasubiri tumba.