Anayesoma Fremu kwa Vidole

Huko Arusha yuko fundi ambaye napenda kumwangalia akikagua pikipiki kubwa za safari kabla hazijanunuliwa. Mji uko kwenye njia ya wanaoendesha kutoka Cairo hadi Cape Town, na mashine inayouzwa njiani huwa imeshakula makorongo ya nchi kadhaa.

Chukua Honda Africa Twin CRF1000L. Shokapu zake za mbele zimegeuzwa: chuma kinachong'aa kiko chini, kando ya gurudumu, mahali hasa yanapogonga mawe. Fundi hupitisha ukucha juu ya chuma hicho, taratibu, mzunguko mzima. Ukucha ukikwama, pana kovu, na kovu hilo huikwangua sili kila shokapu inapobonyea. Shokapu hubonyea hadi milimita 230, kwa hiyo hakuna sehemu ya kuruka. Sili ikikwanguka, oili huvuja, na wauzaji wengi huifuta kabla mteja hajafika. Yeye huomba pikipiki ipitishwe kwanza kwenye mashimo, kisha huangalia upya kwa kitambaa cheupe. Oili ikishafika kwenye pedi za breki, nazo zimekwisha.

Baada ya hapo gurudumu la mbele huinuliwa kwa jeki, na usukani huzungushwa kwa kidole kimoja. Ukinasa kidogo pale katikati, beringi za shingo zimeumia: miaka yote ya mishtuko imezigonga palepale, kwa sababu pikipiki huishi ikielekea mbele. Nyuma huinua tairi kwa wepesi, kama anayepima uzito wa mtoto aliyelala. Tairi likipanda hata kidogo kabla shokapu haijaitikia, viungo vya chini vimelika. Mara nyingi ni kazi ya maji ya presha, yanayofukuza grisi.

Ila ustadi wake hasa uko kwenye fremu. Humulika tochi shingoni kutafuta rangi iliyopasuka, na vile vizuizi vidogo vya usukani, ambavyo hupondeka pikipiki ikianguka vibaya. Kisha hukagua mkia, panapobebwa masanduku. Kwenye CRF1100L ya mwaka 2020 mkia umefungwa kwa bolti. Kwenye CRF1000L ni kitu kimoja na fremu. Ukipinda kwa mzigo, hakuna kipuri cha kubadilisha mkia peke yake, na alama ya kuchomelea hapo inatosha kumfanya aondoke.

Usukani uliokaa upande, hata hivyo, haumtishi. Mwenye haraka angesema pikipiki imepinda. Yeye hulegeza bolti zinazobana shokapu na ekseli, hubonyeza mbele mara kadhaa, hukaza tena, kisha hupima kwa kamba kutoka tairi la nyuma. Shokapu zikiwa zimejisokota tu kwenye vibanio vyake, hunyooka hapohapo, bila kununua kitu.